Mtani Anaposema Kweli

Nje ya duka la kurekodi muvi, hatua chache kutoka stesheni ya reli ya Tabora, kuna benchi la mninga lenye miguu mitatu ya mti na mmoja wa tofali. Anayekaa upande wa tofali hakatazwi kubishana, ila anakatazwa kubishana kwa mikono, maana akichangamka wote wanamwagikiwa kahawa. Kila asubuhi hukaa hapo Mzee Elieza, aliyestaafu ugadi wa treni na mpaka leo anaitwa Gadi. Yupo pia Fikiri, fundi cherehani aliyebandikwa jina la Pindo kwa sababu kila suruali anayoshona lazima irudi kwake ipunguzwe. Na Nestory, mwenye duka, anayeitwa Stelingi, kama shujaa wa muvi, ingawa hajawahi kumpiga mtu. Kahawa humiminwa na Anifa, mjane, mama wa watoto watatu, ambaye mpaka wao wanafika na miayo yao yeye amekwisha kuteka maji, kuwatoa watoto kwenda shule, kukaanga karanga za kashata na kuwasha jiko la mkaa. Wao humwita mama Shukrani. Huwa hashiriki ubishi wao isipokuwa wakipotoka sana.

Siku hiyo alikuwa na jambo lake, na jambo lenyewe lilikuwa na saa. Treni ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa inaondoka mchana, na Adinani alikuwa anaondoka nayo.

Adinani ni fundi wa ishara za reli, Mzaramo wa Kisarawe, mwenye umri kama wa Anifa. Alikaa Tabora miaka miwili, na kwa miaka hiyo miwili hakukosa hata siku moja kuja kunywa kahawa na kumtukana Anifa. Hakuna aliyeshangaa. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu wa Mnyamwezi alipofika pwani shingo imeingia mabegani kwa miezi ya kubeba mzigo, akamkuta babu wa Mzaramo amekaa barazani anamcheka. Adinani alimwita Anifa Mpagazi. Anifa alimwita Adinani Baraza. Basi.

Lakini jana yake, mbele ya watu wote wa benchi, Adinani alisema hivi: "Mpagazi, mkataba wangu umekwisha, kesho naondoka. Mizigo nimekwisha kufunga, kimebaki kichwa cha kuibeba. Twende. Nitakuoa njiani ili nisikulipe ujira." Watu walicheka mpaka tofali likahama. Anifa naye akajibu palepale, kwamba aolewe na Mzaramo ale nini, ngoma wanazokesha wakicheza? Wakacheka tena. Adinani pia alicheka. Halafu akainuka, akaenda zake, na Anifa alipokusanya vikombe aliona kikombe cha Adinani kimejaa. Miaka miwili mtu yule hajawahi kubakiza kahawa.

Ndiyo hiyo kahawa aliyokuwa anaiwaza.

— Jana nimeirudia ile ya daktari wa meno na jirani yake mpiga tarumbeta, alianza Stelingi. — Wazee, nawaambia, komedi za mapenzi zina sheria kuliko jeshi.

— Sheria gani? alisema Gadi. — Kila muvi unayoniwekea ni ileile. Wanabadilisha mbwa tu.

— Ndiyo sheria yenyewe hiyo! Sikiliza. Dakika ya tano wanagongana, kitu kinamwagika. Dakika ya ishirini wanatukanana. Ya hamsini mvua inawanyeshea, wanacheka. Saa moja na robo mmoja anasikia neno nusu, ananuna, anafunga begi. Halafu mwenzake anakimbia uwanja wa ndege. Kwisha.

— Na unailipia mara mbili.

— Naiuza, mzee wangu. Silipii.

Pindo, aliyekuwa upande wa tofali, alikunja mikono yake kwapani ili isimponze.

— Mimi shida yangu ni huyo jamaa anayetafsiri, alisema. — Sauti moja tu. Inamtongoza dada, halafu inajibu kwa niaba ya dada, halafu inafurahi kwamba imekubaliwa. Mtu amejiposa mwenyewe!

— Lakini unaelewa, alisema Stelingi.

— Naelewa sana. Wale wenyewe wangesema wangebabaika. Yule jamaa hababaiki.

Gadi aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayetaka kutoa ushahidi.

— Mimi nimepunga bendera miaka thelathini na moja. Dodoma, Kaliua, Kigoma, Mpanda. Watu wanaokimbilia treni nimewaona wote. Wanakimbia na kuku, wanakimbia na godoro, mmoja alikimbia na mlango. Aliyekimbilia mtu nilimwona mmoja tu, pale Kaliua, anamkimbilia mkewe aliyepanda treni ya Mpanda. Nikasema leo nimeyaona mapenzi. Nikachelewesha bendera.

— Ikawaje?

— Mke alikuwa ameondoka na ufunguo.

Walicheka, na Anifa alitabasamu huku anaongeza mkaa. Yeye komedi hizo alikuwa akizitazama Jumapili mchana, anapochambua karanga, kwenye simu yenye ufa iliyoegemezwa kwenye sufuria. Hazikumdanganya. Alijua kwamba hakuna daktari wa meno anayekaa nyumba kubwa namna ile peke yake. Alizipenda kwa sababu moja tu, ambayo hakuwahi kumwambia mtu: ilikuwa ndiyo saa pekee katika wiki nzima ambayo alijua mambo yataishaje. Watagombana, sawa. Atafunga begi, sawa. Yeye anaendelea kuchambua karanga, roho imetulia. Mambo mengine yote, ada, mvua, bei ya mkaa, kikohozi cha mtoto, yanaanza bila mtu kukuhakikishia mwisho.

— Angalieni nguo, alisema Pindo. — Mimi natazama kama fundi. Yule mwanamke kabla hajapendwa wanamvisha sweta kubwa na miwani. Siku akivua miwani, mwanamume anamwona. Sasa hapo nauliza, aliyetakiwa kuvaa miwani ni nani?

— Umeongea, alisema Stelingi.

— Na mimi nawauliza jambo, alisema Anifa, na wote wakageuka, maana alikuwa hajasema kitu tangu asubuhi. — Watoto wao wako wapi?

— Watoto wa nani?

— Wa huyo daktari wa meno. Mwanamke mtu mzima, hana mtoto, hana mama mgonjwa, hana ndoo ya maji. Ana kazi ya kugongana na watu tu. Hata mimi ningekuwa na nafasi hiyo ningekwenda kumwagia mtu kahawa.

— Mama Shukrani, ukiweka watoto si komedi tena, alisema Stelingi. — Inakuwa taarifa ya habari.

Hapo ndipo alipofika mgeni, mwanamume wa makamo mwenye koti lililopigwa pasi na mfuko wa salfeti uliofungwa kwa kamba. Alisimama kidogo pembeni, kama mtu aliyefundishwa kwamba benchi la watu huombwa.

— Hamjambo hapa. Gari la Nzega limeharibika tairi, wametuambia tusubiri. Naweza kupata kahawa?

— Karibu, shikamoo, alisema Stelingi, akimsogelea Pindo.

— Marahaba. Prosperi Ntahomvukiye. Natoka Ulyankulu, wazee wetu walitoka Burundi, nalima tumbaku. Naenda Nzega, binti yangu amejifungua.

— Hongera babu! walisema kwa pamoja, na Anifa akamchagulia kikombe kisicho na ufa.

— Tuko kwenye somo la mapenzi ya sinema, mzee, alisema Stelingi. — Nilikuwa naelekea kwenye kiini. Mnajua haya mambo ya kutukanana kwanza halafu kupendana yalitoka wapi?

— Hollywood, alisema Pindo.

— Hapana. Tabora.

— Ameanza, alisema Gadi.

— Subiri! Enzi za misafara, wazungu si walipita hapa? Walipita. Wakakaa hapo jirani Kwihara, wakaandika kila kitu kwenye madaftari: miti, nyoka, wadudu. Jioni kambini wanasikia nini? Wapagazi na watu wa pwani wanatukanana. Wewe mbilikimo! Wewe mvivu! Kesho yake wanagawana ugali. Mzungu anashika kichwa: hawa watu wanachukiana au wanapendana? Anaandika. Anarudi kwao na daftari. Wajukuu wake wanalifungua, wanatengeneza sinema. Daktari wa meno anamwambia jirani yake tarumbeta lako linalia kama mbuzi, na mwisho anaolewa naye. Huo si utani wetu huo? Wametuibia!

— Kwa hiyo tuwashitaki, alisema Gadi.

— Tuwashitaki! Kila muvi wakiuza, Tabora ipate fungu lake.

— Basi na mvua ni yetu? aliuliza Pindo, mikono imekwisha kumtoka kwapani, benchi likayumba. — Maana kama ni hivyo, mwaka juzi tungeihitaji shambani!

Mgeni alicheka pamoja nao, lakini kwa adabu, kama anayecheka na wenyeji ambao bado hajajua nini kinawachekesha.

— Huu utani, alisema, — kwetu tunausikia kwa mbali. Una mfano wa karibu?

— Mfano? alisema Pindo. — Upo hapahapa umeshika birika. Jana Mzaramo mmoja, fundi wa reli, mtani wake, amemwambia nakuoa ili nisikulipe ujira wa kunibebea mizigo. Na leo anaondoka zake.

Anifa alijishughulisha na birika.

— Kwa hiyo amemposa? aliuliza Prosperi.

— Ah, hapana! Ametania.

— Mnajuaje?

— Si mtani wake?

— Naelewa. Lakini kama angekuwa anaposa kweli, angesemaje?

— Angesema... alisema Pindo, akakwama.

— Angesema maneno hayohayo, alisema Stelingi polepole, naye akashangaa kusikia alichokisema.

Prosperi alitazama mmoja baada ya mwingine. Hakuwa na ubishi wowote usoni. Alikuwa anataka kujua tu.

— Basi watani mkitaka kuambiana jambo la kweli, mnasemaje?

Mkaa ulilia kwenye jiko. Upande wa stesheni mtu alikuwa anaburuta toroli lisilopakwa mafuta, na walilisikiliza mpaka likafika mwisho.

— Kwenye msiba? alijaribu Pindo.

— Msiba ndiyo kabisa, alisema Gadi. — Tulipomzika marehemu wa mama Shukrani, nisamehe mama, watani si walishuka kaburini wakalala? Wakasema chumba wamekwisha kupanga wao, marehemu atafute kwingine.

— Walilala, alisema Anifa. — Mpaka nikacheka. Siku ile nilikuwa sijanywa hata maji, na nilicheka.

— Mtani ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kukwambia kweli yote, alisema Gadi, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. — Lakini kwa sharti kwamba usimwamini. Ukianza kumwamini, si utani. Ni matusi. Kwa hiyo akitaka uamini... sijui. Nina miaka sitini na nane, na sijui.

Anifa alihesabu moyoni kilichokuwa mbele yake, kama anavyohesabu kila kitu. Kama yule mtu alitania, basi akimfuata stesheni atakuwa mwanamke mzima aliyemkimbilia mtani, na kijiwe kitaishi na kicheko hicho miaka kumi. Kama hakutania, basi amejibiwa ngoma mbele za watu, na mchana anaondoka na jibu hilo. Kucheka kulikuwa kosa, na kutocheka kungekuwa kosa. Katika muvi, hapa ndipo mtu anapoanza kukimbia. Lakini yule wa muvi huwa anajua anakimbilia nini.

— Huyo anakuja, alisema Pindo.

Adinani alikuwa anavuka barabara, begi mgongoni, sanduku la vifaa mkononi, shati jeupe ambalo hawakuwahi kumwona nalo. Alipofika alipanua kifua kama kawaida.

— Mpagazi! Bado umekaa? Na hili sanduku libebwe na nani, na babu yangu?

Stelingi, ambaye huwa anaanza kucheka kabla ya maneno kwisha, alimgeukia Anifa. Jibu lilimjia Anifa mdomoni, kama yanavyomjia yote, limenolewa tayari, na lilikuwa zuri. Alilimeza.

— Adinani, alisema. — Keti.

Adinani aliwatazama watu wa benchi. Hakuna aliyemsaidia. Aliketi upande wa tofali, Pindo akiwa amempisha, na sanduku akaliweka magotini kama mwanafunzi mgeni.

— Jana ulitania?

— Aa, mama Shukrani! alisema Pindo. — Hilo haliulizwi.

— Nimeuliza mimi.

Adinani alifungua mdomo. Walimwona akianza kucheka, wakaona kicheko kinamkatikia katikati.

— Nikisema sikutania, alisema, — utaniamini?

— Hapana.

— Nikisema nilitania?

— Pia hapana.

— Sasa nifanyeje, Mpag... Sasa nifanyeje?

Hilo lilikuwa swali lilelile la mgeni, limerudi kwa mlango mwingine, na safari hii lilikuwa na begi mgongoni. Anifa alimtazama Prosperi, aliyekuwa anakunywa kahawa yake kwa mafundo madogo, akijuta pengine kwamba aliuliza.

— Mzee, wewe hapa una mtani?

— Mimi? Sina. Kule Ulyankulu nina shemeji tu, na yeye hachekeshi.

— Gari lako linasimama Puge?

— Linasimama. Watu wanashusha mbuzi.

— Kaka yangu mkubwa yuko Puge. Anaitwa Ngollo, ana duka la mbegu na dawa za mifugo pale kituoni, utaliona, limepakwa kijani. Yeye ndiye mkubwa wetu. Basi wewe Baraza, alisema akimgeukia Adinani, — usiniambie mimi. Ukiniambia mimi nitacheka, na wewe utacheka, na treni itaondoka. Mwambie huyu. Huyu hana utani na wewe wala na mimi. Akifika Puge amwambie kaka yangu. Kikisemwa Puge, nitajua ni kweli.

Benchi zima lilitulia kama lina miguu minne.

— Mshenga, alisema Gadi kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuwa anatafuta jina la stesheni.

— Lakini kwenye muvi hakuna mshenga, alisema Stelingi. — Stelingi anajisemea mwenyewe.

— Ndiyo maana wanahitaji mvua, alisema Gadi.

Prosperi aliweka kikombe chini. Alifunga vifungo vya koti lake, vyote vitatu, ingawa jua lilikuwa limekwisha kupanda.

— Mimi ni Mkatoliki, alisema. — Nawaambia mapema.

— Hatukuombi utuozeshe, mzee, alisema Adinani. — Tunakuomba mdomo tu.

— Basi sawa. Lakini kwetu mambo haya yana utaratibu. Mama, geuka. Mwanamke hasikilizi posa yake.

Anifa aligeuka. Alivuta karai, akaanza kuosha vikombe, akiwapa mgongo.

— Haya, nimwambie nini huyo kaka?

Adinani alikuwa hodari wa maneno, kila mtu pale alijua, na sasa alisikika akikohoa, akisogeza sanduku, akianza na kuacha.

— Mwambie... mwambie naitwa Adinani Mbonde, fundi wa reli. Nilioa, tukaachana, sina mtoto. Mwambie sijaja kumchukua dada yake. Najua hawezi kuondoka, watoto wako shuleni. Naenda Kisarawe kumwona mama yangu, halafu nitaomba kazi tena huku, mimi ndiye nitakayerudi. Mizigo yangu nitabeba mwenyewe.

— Hilo la mizigo ni utani? aliuliza Prosperi.

— Si utani.

— Endelea.

— Mwambie watoto nawajua. Hawanijui sana, lakini nawajua, maana huyu mama akinitukana huwa anawataja. Wa kwanza, Shukrani, anataka kusoma sayansi, na hesabu zinamsumbua, na hesabu mimi ninazo. Yule mdogo anaogopa radi, analala chini ya meza. Yule wa katikati anakohoa vumbi la tumbaku likianza. Nimemuulizia dawa hospitali, wameniambia aletwe apimwe, nilikuwa natafuta namna ya kusema na sikuipata, maana ningeanzaje? Yuko darasa la tano, anakosa masomo kila msimu...

Mikono ya Anifa ilikuwa imesimama ndani ya maji.

— Darasa la sita, alisema, bila kugeuka.